Diski Niliyouziwa na Mkoki Wangu

Nekesa mama,

Juzi mezani uliniuliza ni diski gani ununue ya kompyuta yako ya Bungoma, nami nikainuka nikasema nakwenda kuangalia kama ng'ombe amefungwa. Ng'ombe alikuwa amefungwa tangu saa kumi, na wewe mwenyewe ndiye uliyemfunga. Tangu tuliporudi kutoka matangani hujazungumza nami zaidi ya salamu, na swali lako la kwanza nikalikimbia. Sasa nakujibu kwa kalamu, maana kwa mdomo nitaanza tena kukohoa na kutafuta miwani.

Mambo ya kula, kulala na kufunga mlango sitayagusa. Mama yako amekupakia unga, maharagwe na maonyo ya kukufikisha Krismasi. Mimi nina hili la diski tu, na ni zito kuliko begi lako.

Nikikujibu kama fundi, ni hivi. Usitafute diski moja kubwa ya kufanya kila kitu. Ndani ya kompyuta weka ile ndogo isiyozunguka, SSD, ibebe programu zako na kazi unayoihariri wiki hiyo. Ni ghali ukilinganisha na nafasi yake, lakini video haitakuwa inakwamakwama kila ukitaka kukata. Kazi ikiisha, ihamishe kwenye diski kubwa ya kuzunguka, ambayo ni ya polepole lakini ina nafasi na bei yake inavumilika. Halafu nakala nyingine iende kwenye diski ya tatu, na hiyo isilale nyumba moja na zile mbili. Moto hauchagui, na mwizi akiingia chumba chako cha Kibabii, huko Bungoma, atazoa vyote vilivyo juu ya meza. Kila ukija nyumbani ilete, mama yako aifiche pale anapoficha vikombe vya wageni. Hapo hakuna mtu aliyewahi kupafikia, hata mimi.

Wauzaji watakuambia mengi. Kuna atakayekupa diski iliyotolewa kwenye kamera za ulinzi za duka fulani, ati ni kubwa na ni bei ya kutupa. Hizo zimetengenezwa kuandika mchana na usiku bila kusimama, na zikikosea mahali zinapita tu, kwa sababu mlinzi hajali picha moja ikiruka. Bibi harusi atajali. Mwingine atakufungia diski mbili zinazonakiliana zenyewe papo kwa papo, akuambie sasa ulale usingizi. Zinasaidia moja ikifa, sikatai. Lakini siku utakayofuta kitu kwa bahati mbaya, kitafutika kote kwa mara moja, na hutakuwa na pa kukimbilia.

Hayo yote ungeyapata hata kwa mtu mwingine. Kilichoniinua mezani ni kwamba nilikuwa nayajua Agosti ile, na bado nikafanya nilichofanya. Unajua mengi ya habari hii kwa sababu ulikuwepo. Sababu zangu hujawahi kuzisikia kwangu vizuri.

Unamjua Barasa, mwenye duka la simu na kompyuta hapa Kitale. Unajua pia kwamba ni mkoki wangu. Nyinyi vijana mnalisema hilo neno mkicheka, lakini sisi tulisimama pamoja asubuhi moja, tukatahiriwa kwa kisu kimoja, na tangu hapo yeye anaweza kuingia kwangu akafunua sufuria bila kuuliza. Mkoki hukaguliwi naye na humkagui. Kabla msimu wa kutahiri haujaanza, alinipigia akasema amepata diski za nje, zile za kuchomeka kwa waya, kubwa ajabu, na moja ameniwekea. Nilipofika aliifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe. Wewe ulikuwa umesimama karibu nami, ukaniambia polepole, "Baba, si tuijaribu kwanza? Tuijaze tuone." Nikakutazama kama mtu aliyetukana dukani. Nilisema, "Ya mkoki wangu niijaribu?" Barasa akacheka, nikacheka, ukanyamaza.

Kuijaribu kungechukua siku mbili tu, mama. Ningeiacha ikinakili video za zamani mpaka ijae pomoni, kisha nifungue ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Sikufanya hivyo kwa sababu niliona ni aibu, na aibu hiyo hakuna mtu aliyekuwa amenitwika. Ni mimi niliyeitafuta.

Agosti yenyewe unaikumbuka. Tulikuwa tunatoka boma moja tunaingia lingine tukipiga video za tohara, Kiminini, Kamukuywa, Chwele, mpaka upande wa Webuye. Usiku kucha ngoma, alfajiri mtoni, na jioni tunamwaga kadi za kamera kwenye diski ya Barasa ili kadi ziwe tupu kwa boma la kesho. Tulikuwa na kadi chache na tamaa nyingi, nami sikutaka kumkosa mteja hata mmoja. Kila jioni nilikuwa naangalia majina ya faili. Yako yote? Yako yote. Nafomati kadi, naifuta yote. Sikuwahi kufungua video yenyewe nione watu wakitembea. Nilikuwa nimechoka, lakini nisijifiche nyuma ya uchovu: niliamini majina.

Msimu ulipokwisha tukakaa kuanza kazi, na za maboma ya kwanza zikafunguka vizuri. Baadaye ikaanza video ya weusi mtupu, na nyingine, na nyingine. Jina lipo, ukubwa upo, ndani hamna kitu. Wewe ndiye uliyeifungua ile diski kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na kimemori kidogo kimegandishwa kwa gundi, na kando yake kipande cha chuma cha kuongezea uzito. Ilikuwa imeandikwa nafasi isiyokuwa nayo. Ilipojaa ikaendelea kupokea kila tulichoipa, ikaandika jina na kumwaga kilichobaki. Nilikishika kile chuma mkononi nikajiona mjinga kiasi ambacho siwezi kukuandikia.

Maboma mengine tuliyaokoa kwa simu za jamaa zao. Tulizunguka tukiomba vipande, huyu ana dakika mbili, yule ana tano, ukaviunga kwa ufundi mpaka mtu akasema afadhali. Lakini kwa Brayo hatukupata hata kimoja. Mama yake, yule mjane anayeuza mitumba soko la Webuye, alikuwa amesimama mlangoni alfajiri ile akiwaambia watu, "Wekeni simu zenu mfukoni, msizibie. Tuko na mtu wa video." Nilimsikia kwa masikio yangu, na nilijivuna. Mtu wa video nilikuwa mimi.

Ya jioni ya kuamkia siku hiyo tulikuwa nayo, kwa sababu ile kadi ya kamera yako hatukuwa tumeimwaga. Brayo akiwa na chinyimba zake, zile kengele za mikononi, Brayo kwa mjomba wake akivishwa nyama ya ng'ombe shingoni kama ada ilivyo, akijaribu kutotabasamu. Lakini asubuhi, kutoka mtoni mpaka uani, yote ilikuwa imekwenda. Na mtu hatahiriwi mara ya pili ili mpiga picha apate nafasi nyingine.

Hapo ndipo nilipokuambia uchukue asubuhi ya yule mtoto wa Chwele, uiweke mahali pa ya Brayo.

Ulikataa. Nataka liandikwe hapa kwamba ulikataa. Ulisema, "Baba, huyu si yeye." Nikasema wakishapakwa matope ya mto na kuchomekwa nyasi kichwani, kimo kimoja, mwili mmoja, mwanga wenyewe bado hafifu, nani atajua? Ukasema, "Mama yake." Nikakufokea. Nikakuambia unataka nirudishe pesa za watu na jina langu liharibike kutoka Kitale mpaka Bungoma kwa sababu ya sura iliyofunikwa na matope. Ulikaa pale kwenye kompyuta machozi yakikutoka, ukaikata, ukaiunga, ukaweka sauti za shangazi zake Brayo juu yake. Uliifanya vizuri sana. Hilo ndilo limekuwa likinichoma, kwamba uliifanya vizuri sana kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha.

Halafu trela ya miwa ikamgonga Brayo akitoka shule.

Siku ile ya matanga yake, walipoanza kuonyesha video ukutani, nilikuona ukitoka nje. Mimi sikutoka. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikatazama umati wa watu ukimlilia mtoto wa Chwele. Shangazi mmoja aliinuka akaugusa ukuta pale ulipokuwa uso wake. Nilijiambia si mahali pa kusema ukweli, si wakati wake, na ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa nikiwa na umri huu, mbele yako, na wewe ukijua kwamba naogopa.

Tuliporudi nikaenda kwa Barasa. Nilidhani nikimwambia nitajisikia vizuri. Nikamwekea kile kipande cha chuma juu ya kaunta, nikamweleza yote. Alikigeuza mara nyingi bila kunitazama. Mwishowe akasema, "Na hii kitu umeikalia tangu Agosti?" Nikamwambia sikutaka kumuaibisha. Akapiga kaunta kwa kiganja. "Bana, mimi mwenyewe niliuziwa! Nilikuwa na zingine kama hizi. Nimeuzia kanisa, nimeuzia mwalimu wa shule anaweka kazi ya watoto. Si ungeniambia siku ile ile nizirudishe? Ati heshima! Hiyo si heshima, umeniacha nikiuzia watu hewa."

Nilikuwa nimejenga picha yangu nzuri, mimi mkoki mvumilivu, nimemeza hasara kimya kwa ajili ya ndugu. Kumbe nyuma ya kimya changu watu wengine walikuwa wanaendelea kuhifadhi vitu vyao ndani ya kipande cha chuma. Wanaotupenda tunaweza kuwaumiza hivyo bila hata kuinua sauti. Kwa hiyo ukinunua diski, ijaze na uifungue, hata kama umeuziwa na mjomba, hata na mchungaji, hata na mimi. Asiyetaka ujaribu mali yake mbele yake ana shida yake. Na ukikuta ni mbovu, mwambie siku hiyo hiyo. Kadi nayo usiifomati mpaka umefungua video zenyewe, mwanzo na mwisho, na ukaziona mahali pawili tofauti.

Sasa nikuambie la leo, kwa sababu asubuhi utakuwa na haraka ya safari na mimi nitapata ng'ombe mwingine wa kuangalia.

Niliwaambia nakwenda Kiminini kwa habari ya mahindi. Sikwenda Kiminini. Mama Brayo alikuwa amenipigia simu mapema, akasema, "Baba Nekesa, niletee zile zingine." Hakueleza zipi, akakata. Nikanakili ile ya jioni yote, bila kukata hata kipande, hata pale kamera ilipoangalia miguu yako ukitembea, nikapanda gari la Webuye. Njiani nilikuwa natunga uongo. Nakuambia ili ujue baba yako ni mtu wa namna gani. Mpaka Misikhu, karibu kufika, nilikuwa na uongo mzuri kabisa.

Alinipokea vizuri, na hilo lilinimaliza. Akaniwekea kiti, akaniletea chai, akakaa chini kwenye mkeka na miguu ameinyoosha. Nikampa ile niliyobeba. Akaitazama kwenye kompyuta ndogo ya mpwa wake, yote. Ilipofika kwa mjomba, Brayo akijizuia kutabasamu, alicheka kidogo. Ilipoisha akaniuliza:

"Na ya asubuhi?"

"Si uko nayo, mama? Ile tuliyokuletea."

"Nataka ya Brayo. Ile mliniletea ni ya mtoto wa wenyewe."

Nikakiweka kikombe chini. Hakuonekana kukasirika. Aliendelea kwa sauti ile ile ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

"Brayo alianguka kwa mti akiwa mdogo. Bega yake ya kushoto ilikuwa inaanguka hivi akitembea. Huyu wenu anatembea kama polisi. Nilijua siku ile ile mlileta."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini? Brayo mwenyewe alikuwa anajiona. Anaita marafiki yake, 'Oneni mimi, sijashtuka hata kidogo.' Wanaangalia, wanarudia. Nikaona wacha, mtoto amefurahi, ya kwake iko tu huko Kitale kwa wenye video. Nitaenda siku moja nichukue."

Miezi yote hiyo, Nekesa, alikuwa ametuwekea imani. Alijua tumekosea, akadhani tumekosea tu kuchanganya. Hakuwahi kufikiria kwamba hakuna. Uongo wangu mzuri niliutafuta nikaukosa. Nikamwambia hakuna. Nikamweleza diski ya mkoki wangu, chuma, gundi, majina matupu, maboma tuliyookoa kwa simu. Nilipotaja simu akaweka mkono kinywani.

"Na mimi ndiye niliwakataza," akasema.

Nililia, mama. Mbele ya mjane aliyefiwa, mimi ndiye niliyelia, na yeye ndiye aliyeninyamazisha. Sijui nitaibeba vipi aibu hiyo, lakini ni afadhali kuliko ile niliyokuwa nayo.

Baada ya muda akauliza kama yule mtoto mwingine yuko hai. Nikasema yuko, yuko shuleni Chwele. Akasema, "Mungu amweke. Tumemlilia sana." Akakaa akitazama mlango, kuku wakiingia na kutoka. Akaniambia kwamba usiku ule wa matanga, video ikionyeshwa ukutani, yeye peke yake alikuwa amejifunika leso usoni, watu wakidhani ni majonzi, naye alikuwa anajaribu kuikumbuka asubuhi yenyewe kabla ile ya kwetu haijaifuta kichwani mwake. Hiyo ndiyo kazi tuliyomfanyia. Sijui diski ya kuirudishia.

Nilipoinuka kuondoka akaniuliza ni nani alimweka yule mtoto mle ndani.

Anajua kwetu ni wewe unayekaa kwenye kompyuta. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia binti yangu alikataa, nikamfokea mpaka akafanya. Huo si wema wangu kwako, ni jinsi ilivyokuwa. Mkono ulioshika kompyuta ulikuwa wako, lakini asubuhi ya Brayo niliikata mimi, na usiipeleke Bungoma kama mzigo wako. Una safari yako na chumba chako na kazi za watu zinazokungoja. Niachie hii.

Mama Brayo aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akijua hilo nalo.

"Nilishuku," akasema. "Yule msichana hakuniangalia machoni akinipa ile flashi."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Gari lilipokuja akasema, Nekesa akishakaa Bungoma, siku moja apite kwangu. Nikamuuliza kama kuna kazi anataka umfanyie. Akasema hana kazi yoyote. Anataka tu uende, ukae, umwangalie machoni.

Ni mimi,
Baba yako